Mota ya Gramafoni na Mwezi wa Baba

Jumatano, 20 Ramadhani

Mota bado imekufa. Leo tena, baada ya masomo, nimeifungua juu ya meza ya maabara. Bado inanuka kuungua. Umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, nyaya za ndani zikayeyuka. Mapadri waliotuachia hii darubini kabatini wamesharudi kwao Ulaya, na mota kama hii haipatikani Kindu, wala Kisangani.

Bila mota, darubini ni bomba tu. Mota njo inaizungusha polepole ili ifuate anga. Nikisukuma kwa mkono inaruka, mwezi unatoka kiooni kabla jicho la Baba halijatulia. Jicho lake la kulia linahitaji muda. La kushoto limekwisha.

Nimechoka. Sina wazo lolote.

Alhamisi, 21

Shehe ameniita kando baada ya adhuhuri. Baba njo shahidi wa mwezi wa msikiti wetu, hapa mtaani Kasuku, tangu mimi sijazaliwa. Akiapa kwamba ameuona, mji unafunga. Akiapa tena na mwenzake, mji unakula. Mwaka jana watoto wa chuo cha Kurani waliuona wote, yeye akabaki amesimama pale kando ya mto, uso juu, haoni kitu. Watu walicheka. Si kwa ubaya, lakini walicheka. Sasa Shehe anasema, kwa upole wake: safari hii Mzee asipouona, kazi atapewa mwingine.

Baba hajaambiwa. Lakini anajua. Futari ameigusa tu.

Daktari alisema ni wale nzi wadogo weusi wa mtoni, wanauma, macho yanaoza polepole. Dawa hana. Alisema hivyo huku anafunga mlango.

Jumamosi, 23

Salongo asubuhi, ile kazi ya lazima ya serikali. Tumefyeka majani kando ya reli, na saumu, jua kali. Halafu wanafunzi wangu wamechukuliwa kwenda kuimba na kukata viuno mbele ya mgeni wa Chama. Nimepiga makofi na mimi. Mwalimu wa fizikia mzima. Nilijichukia njia nzima ya kurudi.

Wazo limekuja hapo njiani. Gramafoni ya mke wangu, ile ndogo ya betri. Mota yake haibadili mwendo. Niliona haya kumwomba, maana njo kitu pekee alichokuja nacho nyumbani kwangu. Alinitazama kidogo.

"Kwa ajili ya Baba? Chukua. Nyimbo tutaimba na kinywa."

Nimeichomoa. Nilijiona mwizi.

Jumatatu, 25

Hasira tupu. Kiti kinachobeba darubini kiliundwa kwa ajili ya Ulaya, mhimili umeinuka juu sana. Hapa kwetu, karibu na ikweta, lazima ulale, karibu sawa na ardhi. Nimeingiza kabari za mbao chini ya miguu miwili mpaka chombo kizima kinaonekana kimelewa. Mota ya gramafoni nimeifunga chini kwa waya. Mkanda nimekata kwa wembe kutoka mpira wa ndani wa baiskeli.

Inazunguka mbio mno. Nimechonga gurudumu kubwa zaidi la mkanda. Bado mbio. Nimelitupa ukutani, nikaenda kuliokota.

Jumanne, 26

Gurudumu la tatu, mwendo unaelekea kuwa sawa. Lakini gia zinalia na kukwama. Grisi hakuna. Nimekwenda karakana ya reli, fundi akaniambia hata magarimoshi yanangoja grisi, mimi njo nani. Nimezipaka mawese ya jikoni. Zimenyamaza.

Mke wangu anasema ninanuka kama sufuria.

Jumatano, 27

Imekubali.

Baada ya daku tumeibeba uani, kungali baridi. Mwezi mkongwe ulikuwa umechomoza mashariki, mwembamba. Nikauweka katikati ya kioo, nikawasha. Ukabaki pale. Baba akakaa kwenye kigoda, akaweka jicho, akakawia sana. Mpaka nikaanza kukata tamaa.

"Njo huu," akasema. "Uko na pembe mbili."

Nimeingia ndani nikalia. Sikumbuki lini nilifurahi hivi.

Alhamisi, 28

Mvua kutwa. Sikuigusa.

Ijumaa, 29

Naandika ili nisiongee na mtu.

Joto la leo lilikuwa la kuua. Tumeiweka kando ya mto tangu alasiri, juani. Baba ndiye aliyeonyesha mahali. Macho hana, lakini anajua mwezi mchanga utakaa wapi ukilinganisha na jua. Tulipanga darubini ishike sehemu hiyo ya anga na kushuka nayo, mpaka giza kidogo liingie na mwezi ujitokeze wenyewe. Nilitazama mimi kwanza. Hakuna kitu bado. Nikamkalisha Baba. Shehe na wazee wa msikiti nyuma yetu, mawingu chini upande wa magharibi, hakuna aliyeona kitu kwa macho yake.

Mota ilikuwa inanguruma vizuri. Njo maana sikuangalia mkanda.

Nilipoinama nikaona. Mawese yameyeyuka. Alfajiri, kwenye baridi, yalikuwa yameganda, mimi nikaamini yatakaa vile. Jua limeyafanya maji, yameteremka mpaka kwenye mkanda. Mpira unateleza, gurudumu limesimama. Darubini haijasogea tangu zamani. Ilikuwa imebaki juu, inatazama patupu.

Nilifungua kinywa nimwambie. Yeye akanitangulia.

"Nimeuona. Wallahi, nimeuona."

Nikaweka jicho langu. Anga tupu. Rangi ya machungwa, basi.

Mwezi wa kufungulia unataka mashahidi wawili. Shehe akanigeukia. "Na wewe, Mwalimu?"

Baba alikuwa ameinua uso, anangoja sauti yangu.

Nikasema nimeuona. Nikaapa.

Wakapiga takbiri. Mji mzima utakula kesho kwa kiapo changu. Macho ya Baba yamemdanganya, Mungu hatamhesabia. Mimi yangu ni mazima.

Jumamosi, 30 Ramadhani

Wengine wote leo wanaandika Shawwal mosi.

Tumeswali idi. Watu wamembusu Baba mikono. Mke wangu amepika pilau, majirani wamejaa uani, watoto na nguo mpya. Mimi nilizungukazunguka na sinia nikigawa, ili mtu asione kwamba sili. Nilisema tumbo linaniuma.

Baba alikaa kwenye kiti chake. Sahani yake ilijazwa. Alasiri nilipita karibu, ilikuwa bado imejaa, nzi juu yake. Chai pia, imepoa, haijapungua. Nilidhani ni uchovu.

Jioni wageni wameondoka. Tumebaki wawili uani. Adhana ya magharibi ikatoka msikitini. Akaisikiliza mpaka mwisho, akafuta midomo kwa kiganja, akaniomba maji.

Nimeleta vikombe viwili.