Mikia Mia Tatu ya Harusi ya Jovelyn

Ijumaa, 7 Novemba

Sanduku la Jovelyn limefika kutoka Doha. Mume wangu Gorio na dereva wamelibeba kama jeneza la askofu. Ndani: sabuni, taulo, nyama za kopo, chokoleti zilizoyeyuka zikaganda tena — na kitu kirefu cheupe, kimeviringishwa ndani ya mablanketi mawili. Gorio akasema ni cha kuokea mkate. Nikasema ni printa. Hakuna aliyepata.

Ni mashine ya kukata karatasi. Unachagua mchoro kwenye simu, yenyewe inakata. Jovelyn kapiga simu ya video, kaona sura yangu, kacheka mpaka machozi. Mama, ni ya karatasi za pipi za harusi, anasema, usitese vidole.

Nilinuna. Nikasingizia mchuzi unaungua, nikakata simu.

Lakini humu daftarini nitamdanganya nani? Mwaka wa pili huu sijashika mkasi. Viungo vya vidole vimevimba, hata vifungo vya gauni ananifunga Gorio. Na kwetu bibi harusi hafungiwi pipi za maziwa kwa karatasi ya kununua. Mama yake ndiye anayekata: karatasi laini ya rangi, sehemu ya kuviringisha pipi, kisha mkia mrefu uliotobolewa maua, vijumba na majina ya maharusi. Mama alimkatia dada Ising, akanikatia na mimi. Mimi nina binti mmoja tu. Harusi ni tarehe 13 Desemba. Mikia mia tatu. Tangu Machi namwambia nimeshaanza. Sijakata hata mmoja.

Jumamosi, 8 Novemba

Imechanika. Imechanika. Imechanika.

Mashine ina mkeka wake wa plastiki wenye gundi, ndipo unapobandika karatasi. Gundi hiyo inang'ang'ania kama utomvu wa fenesi. Jovelyn anasema mkeka mpya unapigwapigwa kwanza kwenye nguo, ukali upungue. Nimeupiga kwenye fulana ya Gorio, naye akiwa ndani ya fulana. Umetoka na manyoya ya jogoo wake. Karatasi bado inachanika, sasa ina manyoya pia.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimepata! Mimi, si Jovelyn, si simu.

Nilikuwa namwaga maji ya wali nikamkumbuka Mama akitia wanga blauzi zake za kanisani. Nikasema, karatasi nayo si nguo tu? Nikayachuja maji yale mazito, nikaipitisha karatasi haraka, nikaianika, nikaipiga pasi ya uvuguvugu. Ikakakamaa kama noti mpya. Nikaibandika. Nikabonyeza. Wembe ukaanza kutembea — taratibu, unaguna, unarudi, unazunguka petali — na mimi nimeinama pua karibu iguse kifuniko.

Ni mchoro wa Mama. Kiolezo chake cha kadibodi nilikipiga picha kwa simu: kijumba, mnazi, msichana anayepunga leso. Nilipobandua karatasi, leso ilikuwepo. Hata kile kidole gumba cha msichana, ambacho mimi kwa mkasi nilikuwa nakikata kila mara kwa bahati mbaya, kilikuwepo.

Nililia. Gorio akaja mbio akidhani nimejikata. Nikamwonyesha. Akaushika mkia kwa ncha za vidole, akauinua dirishani.

Jumanne, 11 Novemba

Leo nimeweka sentimita mahali pa inchi. Nikaiacha mashine ifanye kazi, nikaenda kukaanga samaki. Nimerudi nikakuta vijumba arobaini vya kuwafaa sisimizi. Gorio anasema tuandae harusi ya panzi.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimefanya ujinga.

Mikia hamsini ilikuwa kwenye kamba barazani, nimeibana kwa vibanio vya nguo, pinki na kijani na zambarau, upepo unaichezesha. Nilikuwa nimekaa chini naiangalia tu. Sijawahi kuwa na furaha ya kijinga namna ile tangu Jovelyn aote meno. Mara lango likalia. Dada Ising. Nyuma yake Bi Toyang wa jirani, ambaye masikio yake hayana likizo.

Ising ndiye aliyenifundisha kushika mkasi, nikiwa na miaka tisa. Akaenda moja kwa moja kwenye kamba. Akachukua mkia mmoja, akaupitisha mbele ya jua, akautazama kwa muda mrefu.

"Selma," akasema, "vidole vyako."

Hapo ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo na kusema mashine. Lakini namjua dada yangu. Mwaka jana binti wa mwenye duka alileta karatasi za kiwandani kwenye ubatizo, na Ising akamwambia mbele za watu kuwa hiyo si karatasi ya pipi, hiyo ni risiti. Basi nikasema, "Vimepata nafuu, dada."

Bi Toyang akarukia. "Tangu lini? Tangu yale maandamano ya Mama Maria ya Oktoba?"

Nikasema, "Eee... tangu hapo hapo hivi."

Ndivyo nilivyosema. Neno kwa neno. Ising alinishika mikono yote miwili akaibusu.

Jumapili, 16 Novemba

Bi Toyang hahitaji redio. Kanisani wanawake watatu wameniomba niwashike. Mmoja ameniletea goti. Nimelishika! Ningefanyaje? Alikuwa ameshapandisha sketi.

Gorio njia nzima ya kurudi alikuwa akicheka mpaka akakaa kwenye ukuta wa watu. Anasema nimguse na jogoo wake mweupe wa kupiganisha, kashindwa mara nne mfululizo.

Jumatano, 19 Novemba

Sasa tunafanya kazi kama wapika gongo. Mashine iko chumba cha Jovelyn, mapazia yamefungwa. Tatizo ni mlio wake. Gorio ndiye aliyepata dawa: videoke, ile ya kuimba kwa kufuata televisheni. Nikibonyeza mashine, yeye anashika maikrofoni barazani. Nyimbo za mapenzi, sauti ya juu, saa tatu asubuhi. Mkia mmoja unamaliza nyimbo mbili.

Leo tumekata thelathini na nane. Bi Toyang kapiga kelele ukutani: "Kaka Gorio, huyo unayemwimbia si yupo ndani? Mwite aje asikie, sisi wengine tupumzike." Gorio akajibu kwa maikrofoni kwamba mke ni wa kubembelezwa kila siku, na Bi Toyang amuulize mumewe kwa nini haimbi.

Nacheka na ninakata. Mkia wa njano wenye maua ya santan umetoka safi kabisa, nimeuweka peke yake kwa ajili ya meza ya maharusi. Nikiishika karatasi hii nasahau vidole. Kusema kweli sikujua ni kiasi gani nilikuwa nimekosa kazi hii. Miaka miwili nilikuwa nakwepa hata kupita duka la karatasi, nikimwambia kila mtu nina haraka.

Jumanne, 25 Novemba

Mia mbili na kumi. Gorio sauti imekauka. Namnywesha tangawizi.

Jumamosi, 29 Novemba

Sili, na kuna kitoweo kizuri.

Ising alikuja asubuhi akitokea kanisani. Miguu imejaa vumbi. Ameanza novena leo, sala za siku tisa, anatembea kwenda na kurudi, na ndani ya kanisa anatoka mlangoni mpaka altareni kwa magoti. Ana miaka sitini na saba.

Nikamuuliza ana shida gani. Akautoa mkono wa kulia mfukoni. Kidole gumba kimekunjwa, hakinyooki. Tangu Agosti. Hajashika mkasi tangu Agosti! Oda za fiesta ya parokia alizikataa kwa kusema amechoka na watu. Alinificha. Mimi mdogo wake, nakaa nyumba ya nne kutoka kwake!

"Nilikata tamaa," akasema. "Nikasema ndiyo uzee, basi. Halafu nikakuona wewe. Kama wewe umepona, Selma, mimi nimekosa nini?"

Nikamwekea chai. Nikamwaga nusu mezani. Alipoondoka Gorio hakucheka hata kidogo. Alisema tu, "Mwambie." Nikamwambia nitamwambia kesho.

Jumatatu, 1 Desemba

Sikumwambia. Jana alikuja na plasta gotini, akinieleza kuwa ameota mikasi. Ungemwambiaje mtu aliyeota mikasi?

Jumatano, 3 Desemba

Padre kaja mwenyewe. Amekula kipande cha keki ya mchele, amesifu mikia, kisha akauliza kama tarehe 8, sikukuu ya Mama Maria, ningependa kusimama baada ya misa niwaambie watu kilichonitokea. Kwa ufupi tu. Watu wanahitaji furaha, anasema.

Kutoka chumbani mashine ikaguna. Ilikuwa katikati ya mkia na Gorio alikuwa kamwacha mwimbaji kwenye televisheni peke yake. Padre akageuza shingo. Gorio akasema ni friji.

Nimesema nitafikiria. Njia ya mwongo ni fupi, alikuwa akisema Mama, na mimi yangu naona imefika ukutani.

Jumamosi, 6 Desemba

Jovelyn yuko nyumbani! Kanenepa kidogo, namshukuru Mungu. Kaingia chumbani kwake, kaona mikia mia tatu na minne imepangwa kitandani kwa rangi, akakaa sakafuni na koti lake. Aliisoma mmoja mmoja. Jina lake na la mchumba wake, na kile kijumba cha bibi yake.

"Mama, umefanya wewe."

"Imefanya mashine."

"Mashine haijui kuchemsha maji ya wali," akasema.

Ndipo nikamweleza yote. Alicheka kwa Padre na friji. Nilipofika kwenye magoti ya mama yake mkubwa, aliacha. Kasema nisipomwambia kabla ya Jumatatu, atamwambia yeye. Mtoto wangu mwenyewe. Kasema pia hawezi kula pipi hizo siku ya harusi huku mama mkubwa akimtazama. Nami sitaki azile hivyo. Nimemlea mimi.

Jumapili, 7 Desemba

Siku ya tisa.

Ising amekuja saa nne, moja kwa moja kutoka kanisani, kavaa gauni lake la bluu. Amekaa kwenye kiti changu mezani, akafungua mkoba, akatoa mkasi wake mdogo umefungwa kwenye leso. Akaomba karatasi. Nikampa. Jovelyn alikuwa mlangoni, Gorio kasimama na jogoo mkononi.

Alijaribu. Kidole hakikunyooka. Alijaribu kwa kukisukuma kwa mkono wa kushoto. Karatasi ikachanika.

"Bado," akasema. Hakulia. Akaanza kuufunga mkasi tena kwenye leso, polepole, kona kwa kona. "Labda sikusali vizuri."

Hilo sikuliweza. Nikamshika mkono nikamwinua, nikampeleka chumbani, nikafungua pazia. Nikamwambia. Maandamano, hakuna. Kupona, hakuna. Vidole vyangu ni vile vile, tazama, hata gauni hili kanifunga Gorio. Nilisema yote nikiwa nimesimama, nikabandika karatasi, nikabonyeza, akaona wembe unakata msichana na leso yake. Nilimwambia niliona aibu mbele yake kuliko mbele ya mtu mwingine yeyote duniani, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha.

Mkia ulikwisha. Aliubandua mwenyewe, kwa mkono wa kushoto. Akaugeuza nyuma. Akaunusa.

"Umetia wanga," akasema.

"Maji ya wali."

"Magoti yangu, Selma. Siku tisa."

"Najua, dada."

"Hujui. Toka."

Nimetoka. Kafunga mlango. Niko mezani jikoni naandika. Jovelyn anamenya vitunguu ambavyo hatuvihitaji. Gorio ameuliza kwa kunong'ona kama aimbe. Nimemwambia akithubutu ataniona.

Robo saa. Mlango bado umefungwa.

Mashine imelia. Imekata. Imesimama. Imelia tena. Hajaniuliza kitufe ni kipi.

Imechanika moja, nimemsikia akisonya.

Sasa mlango umefunguka kiasi cha uso. Macho mekundu. Ameniuliza kesho pale mbele ya watu nitasema nini. Nikasema sijui, dada, nafikiri nitasema kweli. Akasema bora, na nianze na lile goti nililoshika. Kisha akasema hajanisamehe na nisidhani. Kisha akasema karatasi nyeupe ni ya msiba, nimletee njano, na sufuria ya maji ya wali, maana wanga wangu ni mwepesi mno, Mama angeona haya.

Akafunga mlango. Njano ninayo, hii hapa chini ya daftari. Wali Jovelyn ndiyo kwanza anaubandika. Gorio anaogopa kwenda kubisha hodi, basi ni mimi, naandika nimesimama, karatasi kwapani, na humo ndani anauliza kwa sauti kama tumelala —