Zamu Yangu ya Kuangalia Nyota

Kigera, Musoma

Mpendwa dada Wakuru,

Kabla ya salamu nianze na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: nimesema uongo, na kwa uongo huo mama wa watoto watatu amefukuzwa kazi.

Sasa naweza kukuamkia. Shikamoo dada. Mguu wa mama umepona? Mvua imefika huko Mugeta, au mahindi bado yanasubiri? Mimi mwili ni mzima. Naandika kwa mkono kwa sababu simu ninayotumia ni ya shangazi, na shangazi husoma kila kitu.

Unajua biashara yake ni dagaa. Wavuvi huingia ziwani na taa zao usiku wa giza. Mwezi ukiwaka hawaendi. Asubuhi tunawaanika dagaa kwenye vichanja, na jua likizama kabla hawajakauka tunawaacha hapohapo nje, maana ukiwafunika wabichi wanaoza. Ndiyo sababu lazima mtu akeshe akiangalia mbingu, mvua isije ikawakuta wazi. Tulikuwa wawili, mimi na Mama Sabina, mfanyakazi wa shangazi wa miaka mingi, kwao Butiama. Yeye zamu ya kwanza, mimi ya pili mpaka alfajiri.

Kila usiku aliniamsha kwa maneno yaleyale. "Nyamisi, amka, nakukabidhi nyota zako. Zikianza kupotea upande wa ziwa, nipigie kelele tuvute turubai." Halafu haendi kulala, anasimama. "Hebu ona ule weupe uliopita katikati, kama mtu kamwaga unga njiani. Mimi nikiwaga na shida zangu naangaliaga huko tu."

Mimi nilikuwa naitikia, "Ee, nzuri," macho yako chini.

"We mtoto," alicheka, "shingo yako ya nguruwe? Haiinuki?"

Usiku ule aliniamsha vizuri kabisa, akaenda kulala. Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikafungua kwenye simu orodha ya waliochaguliwa kidato cha tano. Dada, nilikuwa nimeshaisoma mara nyingi. Jina langu halimo, lakini nilidhani labda wamelikosea, labda wameliweka shule nyingine. Nikasoma shule baada ya shule. Kazi yangu ilikuwa kuinua kichwa tu. Tone la kwanza liliangukia kwenye kioo cha simu, na nilipotazama juu hakukuwa na nyota hata moja. Nilipiga kelele, tukavuta turubai, lakini maji yalikuwa yameshapita. Dagaa wote wakaoza, wakauzwa chakula cha kuku.

Asubuhi shangazi akauliza zamu ilikuwa ya nani. Mama Sabina akaniangalia, akisubiri niseme mwenyewe.

"Sikuamshwa," nikasema.

"Nyamisi! Hukuamshwa?"

"Sikuamshwa, shangazi."

Mama Sabina hakubishana alipoambiwa aondoke. Alisema tu, "Haya. Wewe ni wa nyumbani, mimi ni wa kuja," akafunga vitu vyake. Nasikia yuko kwao, analima vibarua kwenye mihogo ya watu.

Sasa nakesha zamu zote mbili peke yangu. Simu naiacha ndani. Kuna nyota moja nyekundu inayozama ziwani kabla ya alfajiri, na chini yake taa za mitumbwi zimetapakaa mpaka hujui ziwa linaishia wapi. Miezi mitatu alinionyesha, sikuzitazama hata mara moja. Siku hizi nikitaka kumwambia mtu "ona ile," nyuma yangu kuna vichanja tu. Inaniuma kwamba ni nzuri. Afadhali zingekuwa mbaya.

Nisalimie mama, na baba akirudi mnadani. Bibi mwambie ugoro wake nimeupata, anao huyu aliyekuletea barua. Mwanao mbebe kidogo kwa ajili yangu.

Shangazi ameahidi kunilipia kozi ya ushonaji hapo Mwisenge. Akijua ukweli atanirudisha, na shule ndiyo hiyo imeshanikataa. Kwa hiyo ukimaliza kusoma, ichome barua hii jikoni. Mama akikuona unafuta macho, sema ni moshi. Najua kukuomba hivi ni kumfukuza Mama Sabina mara ya pili. Nakuomba hivyohivyo, dada. Usimwambie mtu.

Mdogo wako,
Nyamisi