Wimbo wa Mwisho wa Upande wa Pili

Caney Lick, Kentucky
10 Mei, 1971

Mpendwa mdogo wangu Delmer,

Pokea salamu tele kutoka kwa dada yako. U hali gani huko Detroit? Kifua je, kimepona, au bado unakohoa kila utokapo kiwandani? Sisi huku tu wazima, ila shemeji yako Virgil mgongo unamsumbua, nami usingizi umenihama. Barua hii ukishaisoma, ichome.

Albamu ya kwanza ya Jonell imetoka. Yuko kwenye jalada na gitaa la babu, amevaa buti za kuazima, anacheka hadi magego yanaonekana. Redio ya mjini inapiga nyimbo zake asubuhi na jioni, na mchungaji amemtaja kanisani. Nilijivuna, sikufichi. Nililia dukani mbele za watu.

Kisha nikaigeuza santuri. Wimbo wa mwisho wa upande wa pili unahusu ghala la kampuni ya makaa ya mawe lililochomwa moto. Mgomo umo, mafuta ya taa yamo, mlinzi aliyekuwa amelala ndani bila mtu kujua, na mama aliyemficha mwanawe siku tatu katika shimo la kuhifadhia viazi chini ya nyumba kabla ya kumtorosha kaskazini. Jina hakutaja. Lakini anaimba juu ya mjomba wake, na bonde zima linajua Jonell ana mjomba mmoja tu. Miaka tisa watu wameamini ulifuata kazi za magari kama vijana wengine.

Ni Mama, Mungu amrehemu, aliyemsimulia alipokuwa mahututi kitandani. Nilipomkaripia, Jonell alinijibu, "Mama, bibi mwenyewe alisema hadithi isife. Kwani nani atajua?" Nani atajua! Ndiye mtoto niliyemlea huyo.

Lakini kosa kubwa ni langu. Kwa kiwewe nilimpigia shangazi Icie, nikamwaga yote, jina lako likiwemo. Nilisahau kwamba simu yetu ni laini moja kwa nyumba nane, yeyote akiinua yake husikia yote. Katikati ya maneno nikasikia saa ya ukutani ya Zettie Stidham, ile ya ndege anayechomoza kila saa, ikilia ndani ya simu. Zettie, mjane wa mlinzi. Naye hakukata.

Jana alasiri alikuja, santuri kwapani. "Niwekee, Ovella. Mimi mashine sina." Alitaka wimbo ule mara tatu. Alikaa mikono mapajani, kahawa hakuigusa. Wanawe wawili walibaki nje kwenye gari, injini ikiunguruma muda wote.

Alipoinuka alisema, "Mtoto ana sauti huyo. Nasikia Delmer anakuja Jumapili ya kupamba makaburi. Aje tu bwana, sisi hatuna neno naye." Akatabasamu. Nimemjua miaka arobaini, na jana ndiyo mara ya kwanza kuona meno yake.

Labda amesamehe kweli. Wako watu husamehe. Ila mimi naogopa, Delmer, naogopa mpaka sufuria zinaniponyoka mikononi. Najua tiketi umeshakata, na kaburi la Mama hujaliona. Usije. Nitalipalilia mimi, nitaweka maua yako kando ya yangu.

Virgil anakusalimu sana, na shangazi Icie pia. Jonell analia tu, hajui akuambie nini. Nisalimie Opal na watoto. Mungu akufunike kwa mkono wake popote ulalapo na popote uendapo.

Sikiliza hili la mwisho. Zettie ameomba nikupigie simu Jumamosi saa nne asubuhi, naye atakuwa hapa jikoni, apate kukukaribisha kwa kinywa chake. Nimeshindwa kukataa, maana wanawe walikuwa wameshashuka garini, wamesimama mlangoni. Kwa hiyo nitapiga. Utanisikia nikicheka, nikikuambia njoo, tumekukosa, keki ya tufaha inakungoja. Nawe cheka. Sema ndiyo, dada, nakuja. Kisha usije, hata nikilia.

Ni mimi dada yako, nisiyekuchoka,
Ovella