Vyumba Vitano Juu Mlimani

Dada yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa mikono miwili, na nyuma yangu wamejipanga wengine kumi, kila mmoja anataka salamu yake itangulie. Habari za wodini? Watoto wa watu bado wanazaliwa mikononi mwako bila kukupa nafasi ya kumaliza kikombe cha chai? Na mgongo je, ule uliokuwa ukikusumbua ukisimama sana? Sisi huku tu wazima. Goti la kushoto la Baba bado lina kiburi, lakini analiburuta hivyo hivyo. Habari za Mama nitakueleza kwa kirefu, maana barua hii karibu yote ni yake.

Najua unashangaa. Mtu ambaye hata ujumbe wa simu hujibu baada ya siku tatu, leo ameketi na kalamu! Ndiyo maana mlinipa jina la Kesho, na sikatai, nimelifanyia kazi. Basi kaa, weka miguu juu ya kigoda, usome polepole. Tumetoka mlimani, dada. Mlima ule ule, mji ule ule.

Unakumbuka Mama alivyokuwa akirudi kutoka kiwanda cha uchapaji na zile kalenda zilizokatwa vibaya, tukajaladia madaftari? Daftari langu la hesabu lilikuwa na mwezi wa nane: lile ziwa lililo chini ya kilele, na nyumba za wageni zimelizunguka. Utakumbuka pia ugomvi wake na fundi wa mtambo. Mama alisema maji hayawezi kuwa na buluu ya namna ile, fundi ametia chumvi. Fundi akaapa kwamba wino alitia kama ulivyoandikwa. Walibishana miaka ishirini na miwili, wakastaafu wote wawili na kesi haijaamuliwa.

Sasa, miezi minne iliyopita nilimpeleka Mama kliniki ya macho, kwa sababu alikuwa akigonga mabega kwenye fremu za milango na kuilaumu milango. Daktari akasema ni presha ya macho. Alieleza kwamba kuona kwake kunaliwa kutoka pembeni kuja katikati, na kwamba sasa anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Dawa zitachelewesha, lakini kilichokwenda hakirudi. Mama aliuliza swali moja tu, kama rangi bado ataziona. Daktari akasema kwa sasa ndiyo, ila asingependa kumdanganya kuhusu mbele.  Tulipofika mlangoni ndipo Mama akaniambia, bila uchungu wowote, kwamba ile safari uliyoipanga wewe miaka sita iliyopita ingefanikiwa, angeliona ziwa kwa macho mazima.

 Dada, siku hiyo hiyo nilimwambia mke wangu kwamba likizo hii tunakwenda, ukoo mzima. Alicheka mpaka akashika meza. Alinikumbusha kwamba bomba la jikoni nilianza kulitengeneza mwaka juzi, na ndoo bado iko chini yake.

Mjomba naye ndiye alikuwa ukuta wa pili. Nilipoitisha kikao sebuleni kwa Baba, alikuja na miwani yake ya kusomea ingawa hapakuwa na cha kusoma. Akasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na kwamba sisi tulishaumwa. Akakutaja. Akasema ikiwa mwenye vyeti ukutani alishindwa kusoma tarehe, sembuse fundi friji kama mimi. Wengine walicheka. Mimi nilitazama zulia. Mama alimwambia kaka yake anyamaze, na kwa kuwa sauti yake ilikuwa ya chini sana, akanyamaza.

Nilianza kupiga simu. Ule mji, dada, msimu wa likizo unajaa kama soko. Nilipiga kwenye nyumba za wageni kumi na tisa. Wengine hawakunisubiri nimalize sentensi. Wengine waliniuliza kama nazungumzia mwaka ujao. Ya ishirini ilipokelewa na mama mmoja mwenye sauti ya haraka, akasema pamejaa, samahani, kwaheri. Lakini kabla hajakata nilisikia nyuma yake mlio ninaoujua kama ninavyoujua mlio wa mlango wetu: tki, mngurumo, kimya, halafu tki tena. Nikamwambia, "Mama, usikate. Hilo friji lako kubwa la jikoni, feni ya nyuma imekufa. Kompresa inapata joto, inajizima, inawaka tena. Siku tatu hazipiti, litalala." Akaniuliza kama mimi ni mganga. Nikamwambia mimi ni fundi. Akakata.

Siku ya tatu akapiga mwenyewe. Nyama ya wageni arobaini ilikuwa ndani, na mafundi wote wa mji wako mahotelini kwenye matatizo makubwa zaidi. Nilipanda basi la alfajiri na sanduku langu la vifaa, saa tano nikawa nimepiga magoti nyuma ya friji, nikatoa vumbi la miaka kumi na feni iliyokauka kama samaki. Saa nane likanguruma vizuri. Yule mama alisimama, mkono mmoja juu ya friji kama mtu anayempapasa ng'ombe wake, akaniuliza nataka nini. Nikamwambia nataka vyumba. Akafikiri. Akanipeleka ua wa nyuma, kwenye vyumba vitano alivyokuwa hajavipangisha kwa sababu kazi ya kupaka rangi ilikuwa haijaisha. Akasema wapakaji atawaharakisha wamalize. Nikaandika jina la familia yetu kwenye daftari lake kwa mkono wangu, nikamwomba aweke sahihi mbele yangu, nikapiga picha ukurasa. Alinitazama kama anayemtazama mtu asiye na akili timamu.

Kuanzia hapo, dada, usingenitambua. Niliandika nani atakaa na nani, nani hutapika garini, nani asiwekwe karibu na mjomba. Nilimpigia yule mama wa nyumba ya wageni mara nyingi mpaka akawa ananiita mwanangu. Ni yeye aliyenitonya mambo mawili. Kwanza, ziwa huonekana mpaka saa tano asubuhi tu, baada ya hapo mawingu hushuka yakalifunika. Pili, siku za msimu magari ya wageni yanazuiwa chini, watu wanapanga foleni ya vigari vya kwenye waya hadi mchana. Nikamuuliza basi wao chakula chao hupandaje. Akacheka, akaniambia nimeuliza swali ambalo watalii hawaulizi.

Kwa hiyo siku yenyewe ilipofika, binamu yetu akatuendesha, watu kumi na mmoja ndani ya gari lake la kazi. Kufika chini ya mlima, saa moja na robo, barabara imefungwa. Magari yamesimama mpaka jicho linapoishia. Watu wamevaa makoti, watoto wanalia, muuza kofia anapita katikati yao kama bwana harusi. Foleni ya vigari imezunguka jengo mara mbili, na Baba alikuwa ameshaapa kwamba hataning'inia kwenye waya kama shati. Nilimsikia mjomba nyuma akivuta pumzi ya kuanzia hotuba. Akasema, "Si nilisema?"

Hakumaliza. Lori la mboga lilikuja kutoka nyuma ya maegesho, dereva akachomoa kichwa akauliza nani fundi friji.

Natamani ungemwona mjomba wako. Suti ya kijivu, tai, ameketi juu ya gunia la viazi, kabichi moja mapajani kwa sababu ilikuwa ikimdondokea. Baba na Mama tuliwaweka mbele kwa dereva. Tulipita kwa njia ya nyuma, juu ya vichwa vya foleni nzima, na wanangu watatu waliwapungia watu mkono kama wafalme waliotoka vitani. Mke wangu alinitazama kwa namna ambayo sijatazamwa tangu nilipokwenda kumposa.

Saa mbili na nusu tulikuwa kwenye ukingo wa ziwa. Palijaa watu, lakini yule mama wa nyumba ya wageni alikuwa ametuma mpishi wake atushikie benchi la mbele. Nilimshika Mama mkono. Alitembea akigeuza kichwa huku na huku, kama anavyofanya siku hizi, kulitafuta kwa lile bomba lake. Kisha akasimama.  Nilianza kuogopa, nikamuuliza kama anaona. Akanipiga kofi la mkono ninyamaze. Alitazama mpaka watoto wakachoka kungoja. Mwishowe akasema kwa sauti ya kukasirika kabisa:

"Kumbe yule mwanamume alipunguza!"

Tulicheka, dada, tulicheka mpaka watu wasiotujua wakacheka nasi. Mama alicheka huku machozi yanamtoka, akasema akirudi atakwenda nyumbani kwa yule fundi wa mtambo kumwomba radhi, maana wino wote wa kiwanda usingetosha. Kwenye saa tano kasoro mawingu yakaanza kushuka, na yeye akayaruhusu, kama mtu aliyekwisha kula akashiba.

Sasa nifike pale ambapo kalamu inakuwa nzito.

Mchana tulikula barazani, meza tatu zimeunganishwa. Mjomba akasimama na glasi. Alinisifu, na mjomba akisifu husifu kwa kupima mtu na mwingine. Akasema leo imethibitika kwamba mipango si vyeti, mipango ni moyo, na kwamba kuna mtu alipewa nafasi hii hii miaka sita iliyopita akaichezea kwa uzembe. Wote walijua ni nani. Hapo nikasimama na mimi.  Niliyoyasema ni haya, na nakuandikia kama nilivyoyasema.

Dada, hukukosea tarehe. Ulinipa bahasha Jumatano asubuhi, fomu imejazwa vizuri, ukaniambia mwisho ni Ijumaa, niifikishe ofisi ya wakala. Ulikuwa na zamu, ukaniamini. Jumatano niliitwa kwenye friji la muuza aiskrimu, nikasema kesho. Alhamisi palikuwa na mpira, nikasema kesho. Ijumaa nilifika wameshafunga, na Jumatatu vyumba vilikuwa vya watu wengine. Ningesema tu kwamba nimechelewa, ungenigombeza siku moja ikaisha. Badala yake nilikuja nyumbani nikasema wakala anasema mwisho ulikuwa Jumanne, na dada alisoma vibaya. Bahasha niliichana vipande vipande. Na wewe, kwa sababu ulikuwa umechoka na zamu, ukajishuku mwenyewe ukaniamini mimi. Ukakubali mbele ya wote kwamba umekosea. Wakakucheka kwamba mkunga anayehesabu miezi ya wanawake wa watu hajui siku za wiki. Nilikaa pale pale nikicheka nao. Halafu ukachukua kazi ya mbali, ukaacha kuja kwenye shughuli za nyumbani, na mimi nikasema moyoni kwamba ni kazi tu.

Zile pembe za macho ambazo Mama hana tena, mwaka ule alikuwa nazo zote. Hilo nalo ni langu.

 Mke wangu hakuwa akijua, na nilipomaliza alinitazama kwa namna nyingine kabisa. Mjomba alikaa taratibu, kama mtu asiye na hakika kwamba kiti bado kipo. Ni binti yangu mkubwa aliyeuliza, "Kwa hiyo shangazi hakukosea?" Baba akaweka kijiko chini, akamjibu, "Hakukosea." Kisha akarudia, safari hii akimwangalia mjomba.

Mama alikuwa ameuelekeza uso kwenye mawingu. Nilingoja anifukuze mezani, na ningekwenda. Akasema, "Ziwa langu nimeliona. Sasa namtaka binti yangu." Basi. Akaniamuru niandike barua, kwa mkono, bila kuficha kitu. Alisema simu mtu hukata, lakini barua hata ukiitupa kwenye pipa inakungoja hukohuko.

Nikwambie ukweli, nilidhani furaha ya siku imekufa. Lakini ilikuwa ni kama dirisha limefunguliwa. Baba alianza kusimulia ulivyokuwa ukimfundisha kusoma vipimo vya dawa zake. Mke wa mjomba akasema amekuwa akikukumbuka miaka yote sita ila akiogopa kukutaja. Kabla chai haijaletwa, walikuwa wakigombania nani atakaa karibu na dirisha kuja kwako. Ndiyo, kwako. Mama ameamua. Mjomba ameniagiza nikuandikie kwamba amekula maneno yake yote, na kwamba ombi lake la msamaha hataki nilibebe mimi, atalileta mwenyewe, kwa miguu yake, na suti.

Tutafika siku ya kwanza ya likizo ijayo, asubuhi. Usihangaike kutafuta mahali pa kulala, nimeshapata nyumba ya wageni mtaa wa pili kutoka hospitali yako. Nilikwenda mwenyewe wiki jana, nikaweka sahihi, nikaondoka bila kubisha kwako kwa sababu sikuwa na haki hiyo kabla hujasoma hii.

Pokea salamu za Baba, za wanangu ambao wanafanya mazoezi ya kukukumbatia kwa mito, na za Mama, ambaye amekataa nimwandikie chochote, anasema yake atakuambia akiwa amekushika uso. Mungu akutunzie mikono hiyo.

Mimi sikuombi unisamehe kwa haraka. Ukitaka kunifungia mlango, nifungie, nitakaa nje kwenye ngazi na sitakwenda popote. Lakini hawa kumi wafungulie.

Mdogo wako,
fundi friji