Leo nimekaa kanisani

Fidelia, salamu baadaye. Nimekaa! Kwenye benchi la mbao, ibada nzima, na sijaumia hata kidogo!

Unakumbuka daktari wa Njombe alivyoniambia baada ya ile leza ya bawasiri? "Bibi, mwezi ukiisha utakaa popote." Nikamcheka. Kumbe kweli! Zile siku za kukalia beseni la maji ya uvuguvugu nimeshazisahau.

Sasa sikia aibu. Si unajua miaka mitatu nasimama ukutani hapa kanisani Makambako, watu wakadhani nimeweka nadhiri? Leo nilipokaa tu, Ebeneza, yule mzee wa kanisa, akaja mbio na kikombe cha maji. Mchungaji akakatisha mahubiri! "Mama Elina amekaa. Tumwombee, amezidiwa."

Amezidiwa! Mimi!

Wakanizunguka, mikono kichwani kwangu, wengine wanalia. Nikaona hawa watanizika nikiwa hai. Nikapaza sauti, "Sikuwa na nadhiri, nilikuwa na bawasiri!"

Fidelia, mikono yote ikatoka kichwani kwangu! Halafu mke wa mchungaji akaangua kicheko, na mimi nikacheka mpaka machozi, nimekaa vilevile.

Ngoja, haijaisha. Unamjua mzee Enoki, anayesimama na mimi ukutani kila Jumapili, wanayemwita mtu wa maombi? Amenifuata hadi getini sasa hivi, anaangalia huku na huku. "Mama Elina," ananong'ona, "hiyo leza, na wanaume wanapokewa?"