Orodha ya Vitu Visivyoguswa na Moto

Mollo, Sumbawanga
Jumatano, saa ya chai shuleni

Mpendwa dada Atusaye,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na watoto, na kwamba mvua za huko Tukuyu zimewapa nafasi ya kuanika hata nguo. Sisi huku Ufipa tunaendelea. Ulezi umevunwa, baridi imeanza kutukata masikio asubuhi, watoto wa darasa langu wanakohoa kwa zamu. Mume wangu Mbonile ni mzima kabisa, na uzima wake ndio ulioniponza, kama utakavyoona.

Kwanza kabisa, usimpe baba chochote kilichomo kwenye kifurushi hiki kabla hujamaliza kusoma. Ndiyo maana nilikuagiza kwa simu ukichekeche kimea wewe mwenyewe, bila kukuambia sababu. Barua nitaichimbia humo kwa kuwa mzigo anaupeleka stendi Mbonile kwa mkono wake. Ndani mna kilo mbili za unga wa kimea, asali, zabibu kavu, na ile orodha ya vitu vya dukani ambayo baba aliiomba. Mbonile ameitunga, mimi nimeinakili kwa mwandiko wa ubaoni, na kila nilipoandika mstari mkono ulikuwa mzito. Uliniambia baba ameweka dawa zake za presha kabatini, wiki ya pili sasa, akisema anafuata njia ya mkwewe. Tangu siku hiyo sijalala vizuri.

Utasema kwa nini sikupiga simu. Nimepiga mara mbili, dada. Mara zote mbili simu yako alikuwa nayo baba, akaweka sauti kubwa ili nyumba nzima isikie, akaanza kumsifia Mbonile, na mimi nikaishia kukuagiza habari ya kuchekecha kimea tu. Ujumbe wa maandishi pia ataufungua yeye, maana siku hizi simu yako ni mali yake.

Nianzie mwanzo. Mwaka jana Mbonile alipimwa presha, ikakutwa mia na tisini kwa mia na kumi. Akapewa vidonge, akavimeza miezi mitatu akinung'unika kama mtoto. Baadaye akapata kwenye simu mwalimu mmoja wa afya anayefundisha kwamba chakula kilichoguswa na moto kimekufa, na anayekula vibichi tupu hahitaji dawa. Wewe unamjua shemeji yako, akishika jambo ameshika. Ni bwana mifugo, ametibu ng'ombe wa watu miaka kumi na sita kwa sindano za kiwandani, lakini hilo hakutaka kulisikia. Aliniagiza vidonge nivitupe chooni, na sufuria zangu akazitazama kana kwamba zimemtukana.

Kazi ya kutafuta ikaniangukia mimi. Ukisikia mtu anasema kula vibichi ni rahisi, mwulize kama ameshawahi kwenda dukani. Matunda na karoti sawa, lakini mtu mzima hashibi karoti. Nilianza kuuliza kila kitu kilikotoka. Karanga za paketi zimekaangwa, siagi ya karanga vilevile. Shayiri ya kwenye kopo, nikaambiwa imepitishwa kwenye mvuke. Unga wa lishe umechanganywa na soya iliyokaangwa. Maziwa ya paketi yamechemshwa. Mafuta ya alizeti nilidhani yatapona, nikaenda mpaka kwenye mashine, nikakuta mbegu zinapashwa moto kabla ya kukamuliwa. Flavian mwenye duka la jirani aliniuzia korosho akiapa ni mbichi, kumbe hata hizo mbichi hupikwa kwanza ili ganda libanduke. Mbonile alisoma habari hiyo mezani, akasukuma sahani, akaniuliza mimi nilikuwa namlisha nini wiki nzima. Aliniuliza kwa sauti ya chini, na sauti ya chini ya Mbonile ndiyo mbaya.

Kilichotuokoa ni kimea. Mama Cornelia wa Mpui, Mfipa anayepika pombe ya ulezi, alinieleza kwamba ulezi wake huloweshwa, hufunikwa mpaka uote, huanikwa juani, kisha husagwa. Moto hauugusi mpaka siku ya kupika pombe. Nikanunua debe zima. Hebu fikiria, mke wa mzee wa kanisa anashuka kwenye bodaboda na debe la kimea, mtaa mzima unatazama. Nilisalimia kila mtu kwa jina nikaingia ndani. Toka hapo kila asubuhi namkorogea Mbonile kikombe cha kimea, asali na ndizi iliyopondwa, naye hukinywa mpaka tone la mwisho. Mimi hula ugali wangu jikoni peke yangu.

Siku moja akasema kikombe kina uchungu. Nikasema ni asali, huenda nyuki walikwenda kwenye maua machungu. Akanituma niirudishe. Flavian aliionja mbele ya wateja, akasema haina uchungu wowote, akaniuliza kama nataka kumharibia jina. Nilisimama pale nimeinama, nikabadilishiwa chupa nyingine, na tangu siku hiyo Flavian hanisalimii. Ana haki.

Presha ya Mbonile ikashuka. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka ikafika mia na thelathini kwa themanini. Jumapili ya mavuno alisimama kanisani na karatasi ya vipimo, akatoa ushuhuda kwamba ameacha dawa na jiko limemponya kwa kuzimwa. Alex wa kwaya akaurekodi, na ndiyo video hiyo iliyofika mpaka kwa baba. Watu walipiga makofi, dada. Mimi pia nilipiga.

Sasa nikueleze ya Stanley. Ni mtu wa Mbeya mwenzetu, anauza vifaa vya ujenzi karibu na soko, na presha yake ilikuwa kama ya Mbonile. Wiki ile ile ya ushuhuda wa Mbonile naye aliacha vidonge. Mke wake Precious alikuja kwangu na daftari, nikamsomea yote: kimea ndiyo, shayiri hapana, zabibu zilizokauka juani ndiyo, mafuta ya dukani hapana. Aliandika kila neno, mwanamke mwenye heshima sana. Mwezi haukwisha, Stanley akaanguka dukani. Upande wa kulia haufanyi kazi, mdomo umekwenda kando, na akitaka maji huonyesha kwa jicho.

Nilikwenda hospitali kuwaona. Precious alinivuta pembeni, akaniuliza kama ni korosho. Alisema siku mbili kabla ya mumewe kuanguka alimpa korosho chache bila kuuliza zilivyoandaliwa, na sasa anaamini yeye ndiye aliyemvunjia mumewe mwiko. Alinishika mkono akanisihi nimwambie ukweli. Nikamwambia si korosho. Akauliza ni nini basi. Nikasema ni mapenzi ya Mungu, nikachukua mkoba wangu nikaondoka. Dada, sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia kwenye ngazi zile.

Ukweli ni huu. Vidonge sikuvitupa. Kila mwezi nakwenda kliniki na kadi ya Mbonile, nasema yuko safarini vijijini, navichukua. Nilimwuliza nesi mmoja, Edith, kama vidonge hivyo vyaweza kusagwa, nikasingizia mgonjwa wangu hawezi kumeza, akasema vya aina hii vyaweza. Kila asubuhi nasaga kwa kijiko, natia kwenye kimea, nakoroga na asali. Asali ya Flavian haikuwa na kosa. Kilichomponya mume wangu ni dawa, anainywa miezi mitano sasa bila kujua. Nilifanya hivyo kwa kuogopa kuwa mjane, na sijutii kumwokoa. Ninachojutia ni kunyamaza alipoinuka na ile karatasi, kwa sababu pale kanisani siri yangu iliacha kuwa ya nyumba ya vyumba viwili na sebule, ikaenda kwa Stanley, na sasa imefika kwa baba yetu.

Kwa hiyo, dada, fungua kabati leo hii, umpe baba dawa zake, na kesho umpeleke wakampime. Kimea ale akipenda, hakina ubaya, lakini juu ya dawa, si badala yake. Akikataa, msomee barua hii yote, usiruke mahali hata kunisitiri. Precious nitamwendea leo jioni nikitoka shule, nimwambie si korosho na nimwambie ni nini.

Najua baba hanyamazi. Atampigia Mbonile saa hiyohiyo, na nyumba yangu sijui itakuwaje. Nimejaribu kumwambia mwenyewe miezi yote hii nimeshindwa, na leo asubuhi nimemkorogea tena kama kawaida, akanishukuru. Basi baba apige. Simzuii. Ila apige akishameza.

Nisalimie watoto wote, na baba umwambie shikamoo yangu ya magoti. Kengele imegonga, naingia darasani.

Ni mimi mdogo wako,
Atupele