Kibao Kimerudi Kwenye Mahindi Makavu

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Natumai u mzima, wewe na wifi, na watoto ambao shangazi yao anawakumbuka kila siku. Sisi hatujambo. Mgongo wa Mama umetulia, ila mdomo wake haujapata likizo. Hofu ni juu yako tu, ulivyoondoka siku ya wageni bila hata kuaga.

Nimesikia umemfukuza kazi mlinzi wa shamba la mradi kwa sababu ya kibao. Ndiyo maana nimekaa kuandika, na leo sitakurembea maneno.

Hilo shamba la mfano la mradi wenu wa kilimo unalijua lilivyokuwa, maana mimi uliyenipa kazi ya kulisimamia nilikuambia mapema. Mahindi matupu kutoka ukingo hadi ukingo, udongo wazi unachomwa na jua. Mvua ilipokatika, yakakauka yakiwa usawa wa magoti. Ng'ambo ya njia, shamba la Mama lilikuwa kijani. Amechanganya mahindi, kunde na mbaazi, ametia samadi, amefunika udongo kwa mabua ya mwaka jana. Wewe ulikuwa ukipita na gari unamtania kwamba analima kichaka.

Kisha ukaja na mafundi, mkang'oa kibao cha mradi na kukisimika kwenye hicho hicho kichaka. Mama ulimwambia ni cha wageni kupigia picha. Mimi uliniambia nifunge mdomo, kwamba wageni hao, wafadhili wenu, wakiridhika, msimu ujao bonde zima litalimwa kwa utaratibu wa mradi. Bonde zima, Kaka! Mvua ikikatika tena watu watakula nini, kibao? Nilikasirika.

Basi uliposhuka garini na wageni wako, ukakuta kibao kimerudi kwenye mahindi makavu, nao wameshakisoma. Mmoja akakuuliza kama mradi wenu unafundisha kukausha mahindi. Nilicheka, na sikuombi radhi. Wakavuka njia wenyewe, wakachutama na Mama kufunua mabua na kushika udongo wenye unyevu. Wewe ulirudi garini ukanuna.

Mlinzi hana kosa. Wakati huo ulikuwa umemtuma viti wewe mwenyewe. Kibao nilikihamisha mimi, mchana kweupe, wakati mmekwenda kuwapokea wageni barabarani. Ukikirudisha kwa Mama, nitakihamisha tena. Mrudishe mzee wa watu kazini. Kama lazima mtu afukuzwe, nifukuze mimi, jembe langu ninalo.

Ila kabla hujanifukuza, jaribu kukiinua kile kibao. Ni kizito, peke yangu nisingekiweza. Upande wa pili alishika Mama. Anasema ukitaka kumfukuza na yeye, uje umwambie mwenyewe, yupo shambani, na uje na viatu vya kulimia.

Msalimie sana wifi. Kunde za watoto nimeshazianika, zinawasubiri.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba